Ujumbe wa njama umeingia kwenye grupu: namna ya kuukata vipande kabla haujabeba watu wa nyumbani

Karibu kila ujumbe wa njama unaozunguka Goma umebeba ndani yake jambo moja la kweli. Tunaanzia hapo kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Kijana anaona odio aliyorusha mjomba wake, anajibu «uongo mtupu», na mjomba, ambaye anajua kwa hakika kwamba sehemu ya maneno yale ilitokea, anamwona kijana ndiye aliyedanganywa. Mazungumzo yamekufa kabla hayajaanza.

Tazama yaliyotokea wakati wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya uchaguzi wa Rais, CENI, tume ya uchaguzi, ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa ni ugonjwa na usalama. Kura zao zilisogezwa hadi Machi 2019, na Rais aliapishwa Januari. Watu waliuliza: sokoni tunabanana, kanisani tunabanana, kwa nini maambukizo yawe kwenye foleni ya kura tu? Swali lile lilikuwa la haki, na hasira ile ilikuwa ya haki.

Juu ya hasira hiyo likabandikwa neno la pili: kwamba ugonjwa wenyewe ni wa kutengenezwa, umeletwa ili watu wa Beni wasipige kura, na waliopelekwa kwenye vituo vya matibabu wanauawa huko. Shaka ilikuwepo tangu mapema. Septemba 2018, miezi mitatu kabla ya uamuzi wa CENI, watafiti waliowahoji watu 961 wa Beni na Butembo walikuta karibu mmoja kati ya wanne haamini kwamba Ebola ipo. Uamuzi wa Desemba ulikuta kuni kavu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa shirika la afya duniani aliuawa ndani ya hospitali huko Butembo. Mlipuko ulipokwisha rasmi, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Sasa weka zile sentensi mbili kando kando. «Tumenyimwa kura»: hii ina tarehe, ina ofisi iliyotangaza, ina tangazo lenyewe. «Ugonjwa ni wa kutengenezwa»: hii haina tarehe, haina mtu, haina karatasi, inasimama kwa mgongo wa ya kwanza. Kazi yote tunayoieleza hapa ni hiyo ya kuzitenganisha. Inachukua kama dakika kumi ukiizoea.

Kwa nini inashika mtu wa kawaida

Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika kwamba uvumi hukua kwa vitu viwili vinavyozidishana: uzito wa jambo kwa yule anayelisikia, na giza linalolizunguka. Kimoja kikiwa sifuri, uvumi haukui. Goma vyote viwili viko juu. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, waandishi wa habari wengi wakakimbia au wakanyamaza. Mama anayetaka kujua kama barabara ya Sake inapitika leo hana ofisi ya kuuliza. Ana simu. Usimwite mjinga mtu anayetafuta mwanga kwenye kitu pekee alichobaki nacho.

Radio-trottoir, yaani habari za mdomo kwa mdomo barabarani, ni ya zamani sana kwetu. Lakini zamani ilikuwa na uso. Neno ukilipata mtaani Birere ulimjua aliyelisema, ulijua kama ni mtu wa kuongeza chumvi, ulijua ana ugomvi na nani. Kwenye WhatsApp uso unapotea: ujumbe ukisharushwa tena, jina la mwandishi wa kwanza haliji nao. Unaona jina la dada yako, na imani uliyo nayo kwa dada yako inahamia kwa mtu asiyejulikana aliyeandika maneno yale Kinshasa, Brussels au popote.

Kisha kuna kurudia. Mwaka 1977 watafiti Hasher, Goldstein na Toppino walionyesha kwamba sentensi iliyosikika mara kadhaa huonekana ya kweli zaidi kuliko ile mpya, hata ikiwa ya uongo. Hesabu makundi ya mtu mmoja wa kawaida hapa: familia, kanisa, likelemba (mchango wa zamu), avenue, waliosoma pamoja, chama cha kazi. Odio moja ikiingia asubuhi katika matano ya hayo, kufika saa sita mchana amekwisha kuisikia mara tano, na moyoni anasema «watu wote wanaisema». Watu wote ni odio moja.

Na kuna ile namna ya kuuliza badala ya kusema. Huko Marekani, Oktoba 2017, mtu asiyejulikana alianza kuandika vijineno vifupi katika mtandao wa 4chan, mengi yakiwa maswali, na wasomaji wakaachiwa kazi ya kutafuta majibu. Ndiyo nadharia ya njama iliyokuja kuitwa QAnon. Nguvu yake ilikuwa hapo: jibu ulilolikuta mwenyewe usiku wa manane unalitetea kama mtoto wako. Baadhi ya wafuasi wake walikuwemo katika umati ulioingia bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021. Kwetu utaitambua kwa neno moja: «jiulizeni». Jiulizeni kwa nini. Jiulizeni nani anafaidika. Mwandishi hakusema kitu, kwa hiyo hawezi kukanushwa. Wewe ndiye umesema, kichwani mwako.

Jambo la mwisho watu hulipita haraka, nasi tunaliona ndilo zito kuliko yote: heshima. Baba aliyekuwa na kazi, ofisi, watu wakimwamkia, leo anakaa nyumbani. Akirusha odio kabla ya wengine, watoto wanauliza, majirani wanamjia: «Papa, umesikia nini?» Amerudi kuwa mtu. Kijana asiye na kazi anapata kundi linalomwita ndugu, linalomjibu usiku, linalomwambia yeye yuko macho na wengine wamelala. Ukimnyang'anya nadharia bila kujua ilikuwa inampa nini, atakwenda kutafuta nyingine.

Ujumbe mmoja, mstari kwa mstari

Huu tumeutunga kwa ajili ya mfano, ila kila kipande chake utakitambua:

«Bandugu ba Goma tafazali musilale. Kuna mutu mukubwa mwenye anatumika ndani ya ONG moja, siwezi taja jina yake, ameona na macho yake carte mupya ya inchi. Kivu haiko tena ndani. Bakubwa ba inje bamesha sinye. Katanga ilikatwaka mu 1960, munafikiri leo banashindwa? Radio haitasema juu bamelipwa. Juzi ndege tatu zimeshuka usiku, jiulizeni zilileta nini. Rusha kwa batu 20 mbele baifute.»

Chukua karatasi, gawa kwa mstari katikati. Kushoto andika kila dai linaloweza kuchunguzwa, kulia yale yasiyoweza. Dai ni jambo ambalo likiwa si kweli kuna njia ya kulijua.

Kushoto inaingia Katanga. Kweli, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Ujumbe haukuambii kwamba kujitenga huko kulikwisha Januari 1963 na nchi ikabaki moja. Kipande cha kweli kimekatwa katikati, nusu iliyofaa ikachukuliwa. Hilo ni la kawaida mno. Ukikuta tukio la historia katika ujumbe, tafuta daima liliishaje.

Kushoto pia: ndege tatu. Zilishuka wapi? Usiku wa tarehe ngapi? «Juzi» katika ujumbe unaorushwa wiki tatu ni juzi ya nani? Ndege haifichiki, wanaokaa karibu na uwanja huisikia. Dai hili linachunguzika kwa simu moja kwa mtu anayeishi jirani.

Ramani nayo inachunguzika, ikiwepo. Hapa haipo, kuna aliyeiona tu. Ikiletwa picha ya ramani, uliza imetoka gazeti gani, taasisi gani, mwaka gani. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuchora ramani ya nchi yoyote.

Kulia inaingia «mutu mukubwa». Haulizwi. «Bamesha sinye»: nani, wapi, hati gani? Haiulizwi. «Radio haitasema juu bamelipwa» ni mstari wa hatari kuliko yote, kwa sababu ndio unaofunga mlango. Radio ikinyamaza, ni ushahidi. Radio ikikanusha, ni ushahidi mkubwa zaidi. Radio Okapi iliundwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, kwa hiyo mwenye hasira na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa Kongo, anayo sababu tayari ya kuikataa. Dai ambalo kila jibu linalipa nguvu limejitoa lenyewe katika yale yanayoweza kujulikana.

«Rusha kwa batu 20 mbele baifute» ni uongo wa kiufundi, na mtu ambaye hataki kusikia siasa atakuelewa hapa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri kati ya simu na simu. Hakuna anayekaa mahali akiusoma na kuufuta ndani ya simu yako. Wanaoweza kuufuta kwa wote ni aliyetuma, ndani ya siku mbili na nusu hivi, na msimamizi wa grupu. Tena programu haikuruhusu kurusha kwa watu 20 kwa mara moja: kikomo ni mazungumzo matano, na ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi unakwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Haraka hiyo imewekwa ili usipate muda wa kuchukua ile karatasi.

Lakini njama za kweli zipo

Mtu wa Kivu atakuambia hivyo, na ana haki. Ukijibu kwamba njama hazipo, umejionyesha hujui historia ya nchi yako. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1975 kamati ya seneti ya Marekani ilifichua kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilituma sumu Léopoldville, Septemba 1960, kwa ajili ya kumwua. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wana wajibu wa kimaadili katika kifo chake. Karibu nasi zaidi, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao juu ya msaada wa Rwanda kwa M23.

Angalia sura ya mambo hayo. Yana majina ya watu. Yana telegramu zilizotumwa siku fulani kutoka ofisi fulani. Yana makosa: ile sumu haikutumika kamwe, Lumumba aliuawa kwa njia nyingine na watu wengine. Waliohusika walipishana maneno, wengine walitubu, wengine walikana. Ripoti ya wataalamu ina tarehe na kurasa, anayetuhumiwa anaijibu, nawe unaweza kusoma pande zote mbili.

Njama ya kwenye simu haina makosa. Maelfu ya watu wanaijua na hakuna hata mmoja aliyegombana na mwenzake akatoa karatasi. Kila kitu kilipangwa tangu zamani na kila kitu kinakwenda sawasawa. Mtu aliyewahi kuongoza hata kamati ya harusi anajua binadamu hawafanyi kazi hivyo. Tumia kipimo hiki unapozungumza na wazee, kinaingia kuliko hesabu za watafiti: «Hawa walipanga haya yote, nani kati yao alikosea?»

Kuchunguza kwa simu, bila kumaliza mega

Kwanza zima upakuaji wa peke yake: Paramètres, kisha Stockage et données, ondoa alama kwenye video na odio. Utaokoa mega, na utachagua unachofungua. Halafu Paramètres, Confidentialité, Groupes, chagua Mes contacts, ili mtu usiyemjua asikuingize katika makundi ya siasa usiku.

Ujumbe ukifika, tazama juu yake. Mshale mmoja: umerushwa. Mishale miwili: umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Mishale miwili haimaanishi uongo, inamaanisha kwamba aliyekutumia hajui zaidi yako. Muulize faraghani, kwa upole: «Ulipokea kwa nani?» Kisha muulize huyo. Mara nyingi kamba inakatika kwa mtu wa pili au wa tatu, ambaye atasema aliikuta tu kwenye grupu.

Picha: ifungue, piga picha ya kioo cha simu (capture d'écran), kata pembeni majina na maandishi yaliyoongezwa, kisha ipeleke kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta mahali picha ilipowahi kuonekana. Unachotafuta ni tarehe ya zamani kuliko zote. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye matokeo ya kwanza; shuka chini. Kutokuta kitu si uthibitisho kwamba picha ni ya kweli. Inawezekana haijawahi kuwekwa mahali ambapo Google inaona.

Video: isimamishe mahali pa tatu au nne tofauti, hasa panapoonekana jengo, kibao au mlima, na ufanye vilevile kwa kila picha. Zima sauti kwanza. Sauti ndiyo inayobadilishwa mara nyingi: picha za nchi nyingine zinawekewa mtu anayesema Kiswahili chetu kwa uchungu, na sikio linashinda jicho. Baada ya hapo tazama mambo ambayo mdanganyifu husahau:

Magari yanapita upande gani? Kongo, Rwanda na Burundi ni kuume. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia ni kushoto. Usitazame usukani, kwa sababu Goma imejaa magari yenye usukani wa kuume yaliyopitia Afrika ya Mashariki; tazama barabara.

Udongo ni wa rangi gani? Wanasema ni Goma, lakini ardhi ni nyekundu na kuta hazina hata jiwe moja jeusi la volkano. Mtu wa Katindo hahitaji Google kwa hilo.

Saa inasemaje? Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. «Tangazo la Kinshasa» linalodai kutolewa saa tatu usiku, na ambalo lilikuwa kwenye simu yako saa tatu na dakika tano za Goma, lilifika kabla halijatolewa.

Barua yenye muhuri: soma namba ya barua, tarehe, jina la aliyetia sahihi na cheo chake siku hiyo. Waghushi huiba muhuri vizuri lakini hushindwa na cheo; humwandika mtu aliyekwisha kuondolewa. Kisha nenda kwenye ukurasa wa ofisi yenyewe uone kama ipo. Ukurasa huo hakikisha ndio wenyewe, maana kurasa bandia zina jina lile lile na herufi moja imeongezwa.

Odio ndiyo ngumu kuliko zote. Haina picha ya kutafuta. Sikiliza mara mbili, andika kila jina la mahali na kila siku iliyotajwa. Ikiwa katika dakika nne hakuna hata kimoja, andika hivyo kwenye karatasi. Kikiwepo, mpigie mtu aliye pale. Kwa mambo ya Kongo tazama pia kama Congo Check, waandishi wanaochunguza ukweli wa habari, wamekwisha kulifanyia kazi.

Vyanzo viwili maana yake watu wawili ambao hawakusikia kwa mtu mmoja. Grupu kumi zenye odio ile ile ni chanzo kimoja.

Ukimaliza, jibu lako ni moja kati ya matatu: imethibitika, si kweli, au bado haijulikani. Hilo la tatu ndilo utakalolipata mara nyingi, na watu hulionea haya. Usilionee haya. Lisilojulikana halisambazwi, basi.

Tahadhari moja. Katika mji wetu wa leo, kuuliza hadharani juu ya askari, silaha au majina ya viongozi kunaweza kukuletea shida wewe na unayemuuliza. Uliza mtu mmoja mmoja, kwa sauti, bila kuandika. Kama jambo haliwezi kuulizwa bila kumhatarisha mtu, liache katika yasiyojulikana.

Kumrudisha aliyekwisha kuamini

Usimsahihishe kwenye grupu. Baba aliyesahihishwa mbele ya wakwe na watoto atatetea lile neno hadi kesho, hata kama moyoni ameanza kusita. Nenda kwake. Ikishindikana, piga simu. Ujumbe wa maandishi ni wa mwisho, na kiungo cha makala ndefu ya Kifaransa kinachokula mega zake hakisaidii kitu.

Anza na lile la kweli, ulitamke waziwazi. Uliza swali moja tu, kuhusu dai moja linaloweza kuchunguzwa. Kisha jitolee kulichunguza pamoja naye. Hivi:

— Papa, jambo. Ile odio ya jana niliisikiliza mpaka mwisho.
— Umeona sasa! Banataka kutumaliza.
— Ile ya Katanga ilitokea kweli, Papa. Na batu ba huku bameteswa, hakuna mwenye anaweza kukataa. Ila zile ndege tatu, zilishuka wapi?
— Si ku aéroport.
— Ya hapa yenye ilifungwa?
— ... Labda ni Kavumu.
— Kavumu tuko na Yaya Furaha. Tumupigie pamoja?

Tazama kilichofanyika. Hakuna aliyemwambia Papa kwamba amedanganywa. Yeye mwenyewe ameona dai linahama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Na Yaya Furaha ni mtu wake, anayemwamini kuliko redio yoyote. Simu ikiisha, nyamaza. Usiseme «nilikuambia». Mpe siku mbili tatu, mpe na kazi: mwombe awe yeye anayeuliza «zilishuka wapi?» kwenye grupu safari ijayo. Ile heshima aliyoipata kwa kurusha kwanza, sasa anaipata kwa kuchunguza kwanza.

Yanayoharibu: kucheka, kuleta hoja saba kwa mara moja, akashika ile dhaifu na kuishinda, kusema «nyinyi wazee», kushinda ubishi na kumpoteza mtu. Na kuna wale ambao hawatarudi kwa mazungumzo yako. Hao endelea kuwaalika mezani, zungumza nao mpira na watoto, ili siku wakichoka wawe na mahali pa kurudi.

Ukiwa msimamizi wa grupu

Wekeni kanuni kukiwa na utulivu, maana siku ya milio ya risasi hakuna atakayesikia. Tatu zinatosha: kila habari ya usalama iwe na mahali, siku na jina la aliyeiona, mishale miwili haiingii bila maelezo ya aliyetuma, hakuna kutaja kabila kama mhalifu. Zibandike juu ya grupu. Programu inakuruhusu kuziacha hapo hadi siku 30, kisha uzibandike tena.

Usiku wa taharuki, fungia grupu ili wasimamizi pekee waandike, kwa saa moja, na useme wazi kwamba ni saa moja. Ukifunga siku nzima bila neno, watu watafungua grupu lingine lisilo na kanuni.

Ujumbe unaotaja kabila, unaoonyesha nyumba ya mtu au picha ya uso wake na kumwita «infiltré» (adui aliyejipenyeza), usiusubirie uchunguzi. Ufute kwa wote hapo hapo, kisha mtafute aliyetuma faraghani. Mji huu unajua justice populaire: umati hukusanyika kwa dakika, na aliyeuawa kwa makosa harudishwi na marekebisho. Mwenye uso ule ukimfahamu, mpigie yeye kwanza, umwambie ahame kwa usiku huo.

Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyerusha jambo likathibitika kuwa si kweli, tengeneza katika makundi yale yale, yote, siku ile ile. Anza na lililo kweli, taja kosa mara moja bila kulirusha upya, maliza na lililo kweli. Kwa mfano: «Njia ya Sake ilipitika leo asubuhi, nimeulizia kwa watu wawili walioko pale. Ile odio niliyotuma jana usiku juu ya njia hiyo haikuwa sahihi. Mwenye safari aulize tena kesho mapema kabla ya kutoka.» Kisha ifute ile ya kwanza, kama saa 60 hazijapita.